Kukaa Bwete Si Uvivu

Leo ningependa tuliangalie neno moja dogo ambalo zamani lilikuwa la barazani na uani, na sasa limeingia hospitalini. Neno lenyewe ni bwete. Twasema, "Fulani amekaa bwete," na kila Mswahili humwelewa msemaji pasi na kuuliza. Lakini ukimtaka mtu alifasiri, hapo ndipo kila mmoja hushika njia yake. Huyu atakwambia ni kukaa bure, yule atasema ni kukaa kivivu, na wa tatu atashikilia kwamba ni kustarehe. Nami naona khitilafu hii si ya kuachiwa walimu wa sarufi peke yao, kwa sababu wako watu wanaougua, na wengine kufa, kutokana na kukaa bwete. Jina tutakalowapa watu hao laweza kuwavuta wakatibiwa, na laweza pia kuwafukuza.

Natuanze na neno lenyewe. Kwanza, lisichanganywe na bweta, ambalo kwa wazee wetu ni kisanduku cha kuwekea vitu vya thamani. Bwete ni kielezi; kazi yake ni kutueleza namna tendo lilivyotendeka. Sahibu yake mkubwa ni kitenzi kukaa. Twasema amekaa bwete, wamekaa bwete, usikae bwete. Kwa masikio yangu mimi niliyelelewa Mvita, kusema "mtu bwete" ni kama kusema "mtu ghafla", neno halikai. Ghafla ni sifa ya kuja au kuondoka, si sifa ya mja. Na bwete vivyo hivyo ni sifa ya kikao, haikuwa sifa ya mwenye kukaa. Jambo hili laonekana dogo, lakini naomba msomaji alishike, maana ndiyo shina la maneno yangu ya leo.

Sasa tukitazame kikao chenyewe. Kiswahili kina namna nyingi za kukaa, na kila moja ina jina lake. Kukaa kitako ni kuketi tu, hakuna sifa wala lawama ndani yake; mgeni akifika huambiwa, "Karibu, kaa kitako." Kukaa tuli ni kukaa kwa utulivu na makusudi, na hii ni sifa njema. Mvuvi aliyetupa mshipi wake hukaa tuli. Mtoto chuoni akisomeshwa Kurani hutakiwa akae tuli. Kukaa bure ni kukaa pasi na faida. Ama kukaa bwete, hapo mwili umeachiliwa. Umewekwa mahali kama gunia lililoteremshwa bandarini, nao hauna shughuli unayoifanya.

Mtazame mama aliyekalia mbuzi akikuna nazi. Ameketi, tena chini kabisa karibu na ardhi, lakini nani atathubutu kusema amekaa bwete? Mikono yaenda mbele na nyuma, mabega yafanya kazi, na mgongo wainama na kuinuka. Kisha mtazame karani katika afisi yake. Ameketi tangu asubuhi, kichwa kimejaa hesabu za watu na macho yamemwuma, na jioni arudi nyumbani hoi. Hakuwa mvivu hata dakika moja. Lakini ukiiuliza miguu yake, kiuno chake na moyo wake, vyote vitatoa ushahidi kwamba siku nzima vilikaa bwete.

Hapa ndipo tunapokosea. Tumeifanya bwete kuwa ndugu wa uvivu, na kumbe ni majirani tu. Uvivu uko katika nia: mtu aweza kufanya, wala hataki. Bwete iko katika mwili: mwili haukutumika, iwe mwenyewe alitaka au hakutaka, iwe alikuwa anatafuta riziki au anapiga porojo. Mvivu aghalabu hukaa bwete, lakini si kila aliyekaa bwete ni mvivu.

Ikiwa kuna msomaji anayedhani natafuta tofauti pasipo tofauti, basi na alitazame neno jingine ambalo limeshatuponyoka, nalo ni ajizi. Sote twaijua methali isemayo ajizi ni nyumba ya njaa, na tukiitaja humkusudia mlegevu, mtu wa kesho na kesho kutwa. Lakini neno hili lina asili ya Kiarabu, na huko asili yake si uvivu bali ni kutoweza, kushindwa, kukosa nguvu. Katika shina hilohilo tumepata ajuza, yaani bibi kizee ambaye nguvu zimemwishia, na muujiza, yaani jambo linalowashinda watu kuleta mfano wake. Wala ajuza si mvivu, na muujiza hauna uhusiano wowote na ulegevu.

Tena wasomaji wetu wengi huisoma ile dua mashuhuri ya Mtume (S.A.W.), iliyopokewa na Anas bin Malik na kuandikwa katika Sahihi ya Bukhari, ambayo ndani yake mja humwomba Mwenyezi Mungu amkinge na mambo kadha wa kadha. Katika mambo hayo, kutoweza kumetajwa mbali, kwa neno al-ajz, na uvivu ukatajwa mbali, kwa neno al-kasal. Lau yangalikuwa kitu kimoja, yasingalitajwa mawili. Sisi katika Kiswahili tumelichukua neno la asiyeweza tukamvisha asiyetaka. Lugha zina ruhusa ya kufanya hivyo na siwezi kulirudisha neno lilikotoka. Lakini nachelea bwete nayo ipite njia hiyohiyo, kutoka kueleza hali hadi kutoa hukumu, wakati huu ambapo twaihitaji sana ibaki mahali pake.

Nasema twaihitaji kwa sababu ifuatayo. Waganga wa leo wametambua kwamba kutoutumia mwili ni hatari inayojitegemea. Huchangia maradhi ya moyo, kiharusi, presha na ugonjwa wa sukari wa aina ya pili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba kiasi cha asilimia 31 ya watu wazima ulimwenguni, karibu watu bilioni 1.8, hawakuushughulisha mwili vya kutosha katika mwaka 2022. Jambo kubwa namna hii lilihitaji jina la Kiswahili, na ndugu zetu wa Tanzania wakalipatia. Huko husikika wataalamu wa afya wakilionya taifa juu ya "tabia bwete". Nawashukuru kwa kutoazima neno la kizungu ilhali letu lipo. Lakini hilo neno tabia lanitia wasiwasi. Kwetu pwani, ukisema fulani ana tabia, hata kabla hujataja ni tabia gani, wasikilizaji hujiweka tayari kusikia aibu. Tabia ni ya mtu, na kumwambia mtu ana tabia bwete ni kuliondoa lile neno kwenye kiti na kumbandika mwenyewe kwenye paji la uso.

Nitatoa mfano ulio karibu nami. Ami yangu mmoja alikuwa dereva wa basi kwa miaka mingi. Alipoanza kusumbuliwa na kiu na kukojoa mara kwa mara akaenda kupimwa katika zahanati ambayo sina haja ya kuitaja, akaambiwa ana sukari. Hilo alilipokea kwa subira kama Muislamu. Kisha mhudumu, kijana wa umri wa wanawe, akamwambia, "Mzee, uache uvivu." Ami alirudi nyumbani amefura. "Mimi naondoka hapa alfajiri, narudi watu wamekwisha swali isha," alituambia. "Uvivu wangu uko wapi?" Akasusa kliniki miezi mingi, na miezi ile mguu wake ukapata kidonda ambacho kilichukua muda mrefu kupona. Yule kijana alikuwa na ilimu sahihi na neno lisilo sahihi. Lau angalisema, "Ami, kazi yako yakuweka bwete kutwa, na mwili wahitaji kutembezwa," naamini mzee angaliitikia kwa kichwa, maana hilo alikuwa akilijua mwenyewe kwa maumivu ya kiuno.

Na mfano wa dereva si wa ami yangu peke yake. Mwaka 1953 mganga wa Kiingereza aitwaye Jerry Morris na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Waliwalinganisha madereva na makondakta. Watu hawa walikuwa katika basi moja, katika njia moja, na katika moshi mmoja. Tofauti yao ni kwamba dereva aliketi zamu nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ikaonekana kwamba maradhi ya moyo yaliwapata makondakta kwa uchache kuliko madereva, na yalipowapata yalikuja wakiwa na umri mkubwa zaidi. Je, dereva wa London alikuwa mvivu? Hasha. Alikuwa akibeba roho za watu mikononi mwake. Alikaa bwete kwa sababu kazi yake ilimtaka akae. Mtu wa Mombasa ataufahamu uchunguzi huu upesi akimtazama dereva wa matatu na makanga wake.

Upande wa pili wa kosa letu ni kuwaita bwete watu wasiokuwa bwete. Utamsikia bwana akijigamba barazani, "Mke wangu hana kazi, amekaa nyumbani bwete." Huyo aliyekaa bwete amefagia ua, amefua nguo, amekuna nazi, amepika, ameosha vyombo, na mtoto yuko kiunoni. Bwana mwenyewe amekwenda dukani kwa bodaboda, amekaa juu ya kiti hadi magharibi, na amerudi kwa bodaboda. Tukilitumia neno kwa haki, basi hukumu itageuka, na mwenye kusema ndiye atakayesemwa. Vijana nao huambiwa wamekaa bwete vibarazani, na pengine ni kweli kwamba hawana kazi. Lakini kukosa kazi ni msiba wa soko la ajira. Kijana aliyetembea kutoka Likoni hadi Changamwe akiomba kibarua, akarudi mikono mitupu, hakukaa bwete. Wahenga walimpa haki yake waliposema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Wahenga hao waliishi katika mji ambao mwili haukuwa na nafasi ya kukaa bwete. Maji yalitoka kisimani, mpunga ulitwangwa kinuni, na safari ya ng'ambo ya mtaa ilikuwa ya miguu. Waliposema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, walikuwa wakisifu kujishughulisha kwa ajili ya kitoweo. Afya ilikuja yenyewe kama nyongeza. Sisi kitoweo chaletwa mlangoni. Ile nyongeza imeondoka pamoja na kazi, na hapana budi tuitafute kwa makusudi.

Wala si mbali kuipata. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, humtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha wastani, mathalan kutembea kwa haraka. Msikiti ulio mwendo wa dakika 15 kutoka kwako, ukiuendea kwa miguu na kurudi, ni dakika 30. Fanya hivyo mara moja kwa siku, siku 5 katika juma, na hesabu imetimia. Sisemi twende msikitini kwa ajili ya mazoezi. Ibada ni ibada, na nia yake ni moja. Nasema tu kwamba aliyeacha kupanda bodaboda kwenda kuswali hakupoteza kitu. Mwongozo huohuo wawataja pia wazee na wenye ulemavu, na wasema kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Basi hata yule ajizi wa maana ya asili, asiyeweza mengi, ana fungu lake.

Mzigo wa pili uko kwa wenye mamlaka. Huwezi kumkataza mwanamke kukaa bwete na hali barabara ya mtaani kwake haina njia ya miguu wala taa, na kiwanja walichochezea watoto kimezungushwa ukuta. Tangu ufuo wa Mama Ngina ulipotengenezwa upya mwaka 2019, kila jioni waonekana watu wazima na watoto wakipunga upepo na kunyoosha miguu. Watu hao hawakuhubiriwa waache uvivu. Walipewa mahali pa kutembea, wakatembea.

Kwa hivyo rai yangu kwa waganga, waandishi na walimu ni hii. Neno bwete ni letu na lifaa, lishikeni. Lakini liacheni na kitenzi chake. Semeni "kukaa bwete", na mtoto, karani, dereva na bibi watawaelewa. Wenye uvivu waiteni wavivu, maana neno lao lipo. Na mgonjwa akiketi mbele yenu, mwulizeni kwanza siku yake hupita vipi, kisha ndipo mumwambie la kufanya.