Sura ya Dinari na Uzito Wake

Wako wasomi wasemao kuwa michoro ya sarafu za fedha za Roma ni pambo tu, na wako wengine waichukuao kuwa kioo cha kweli cha historia. Makundi yote mawili yamepotea njia. Mchoro wa sarafu ulikuwa dai la mtawala, na dai halikubaliwi kabla ya kupimwa.

Dinari, ambayo jina lake Kiswahili kililipata kwa Kiarabu na asili yake ni Kilatini, ilianza kupigwa chapa yapata mwaka 211 kabla ya Kristo, Roma ilipokuwa vitani na Hannibal. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha Roma, mungu wa kike mwenye kofia ya vita. Upande wa pili, mapacha Castor na Pollux juu ya farasi. Uso wa Mrumi aliye hai haukuonekana katika sarafu za mji huo hata mwaka 44, Julius Caesar alipouweka wake. Mwaka ule ule aliuawa. Baada ya muda mfupi Brutus, mmoja wa wauaji, alitoa dinari yenye kofia ya mtumwa aliyeachwa huru katikati ya majambia mawili. Uhuru ulioje! Lakini sarafu hiyo na ipinduliwe: uso uliopo ni wa Brutus mwenyewe.

Huenda ikajibiwa kuwa hiyo ni hila ya mtu mmoja. Sivyo. Mwaka 215 baada ya Kristo, Caracalla alitoa sarafu ambayo mfalme amevaa taji la miale ya jua. Wataalamu wengi huiona kuwa ya thamani ya dinari mbili, lakini fedha iliyokuwamo haikufika kiasi hicho. Kufikia mwisho wa enzi ya Gallienus, mwaka 268, karibu sarafu nzima ilikuwa shaba, na hata hivyo michoro iliendelea kuhubiri amani, neema na uaminifu wa askari. Gallienus aliuawa na maofisa wa jeshi lake mwenyewe.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mwalimu aonyeshaye wanafunzi picha ya sarafu bila ya kuwatajia uzito wake na kiasi cha fedha iliyomo hawafundishi historia. Awafundisha kuamini tangazo la mfalme aliyekwisha kufa.