Sumu ya Owino Uhuru
Hasira za watu juu ya serikali hazikuzuka bure. Pale Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu ubavuni mwa nyumba za mafukara, na sumu ya risasi ikaingia damuni mwa watoto. Bi Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe alidhurika, alipopaza sauti akakamatwa yeye, mwaka 2012. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, NEMA, mlinzi wa mazingira (mlinzi wa nani?), ikakata rufaa. Fidia ikatenguliwa 2023, hata Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Sayyidna Umar, radhi za Allah zimshukie, alichelea kuulizwa juu ya mnyama ajikwaaye njiani Iraki. Hawa waliulizwa juu ya watoto, wakatuma mawakili.