Mpangaji wa siri katika homa ya matumbo

MZAZI wa Kibera au Kawangware anaijua vyema homa ya matumbo. Mtoto huungua joto siku nenda siku rudi, tumbo likamsumbua, chakula asikitake. Wengi hukimbilia duka la dawa, wakanunua vidonge vichache kulingana na pesa zilizopo. Kwa nini mara nyingine vidonge hivyo havisaidii?

Ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi. Mbali na DNA yake kuu, bakteria huyu huweza kubeba duara dogo la DNA liitwalo plasmidi. Ni kama mpangaji asiye na jiko wala sufuria, anayepikia kwa mwenye nyumba. Plasmidi ina mahali maalumu pa kuanzia kunakiliwa, na hutoa amri ya kuanza. Kazi yenyewe hufanywa na vimeng'enya vya bakteria: nyuzi mbili za duara hufunguliwa, na kila uzi ukaundiwa mwenzake. Bakteria anapogawanyika, kila mtoto hurithi nakala yake.

Mpangaji huyu hulipa kodi kwa njia yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010, Samuel Kariuki wa KEMRI na wenzake walionyesha kuwa aina moja ya bakteria hao, iliyoenea pia Kusini-Mashariki mwa Asia, ndiyo iliyotawala nchini Kenya. Plasmidi zake, za kundi la IncHI1, hubeba jeni za kushinda ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli kwa pamoja.

Plasmidi za kundi hilo pia huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, tena vizuri zaidi katika nyuzi 22 hadi 30 kuliko katika joto la mwili, nyuzi 37. Kwa hivyo maji machafu huweza kuwa uwanja wao wa kukutania.

Dawa haiumbi plasmidi. Huua bakteria wasio nayo, na walio nayo wakabaki na nafasi tele ya kuzaana.

Basi, mzazi, usinunue dawa kwa kukisia. Mpeleke mtoto kituo cha afya. Kipimo cha kuotesha damu huweza kuonyesha ni dawa ipi itakayofaa. Akipewa dawa, azitumie kama alivyoelekezwa. Chemsha maji ya kunywa, na mikono inawe kwa sabuni baada ya kutoka msalani. Uliza pia kuhusu chanjo, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto kote nchini Julai 2025. Mpangaji huyu hafukuzwi kwa vidonge vya kubahatisha.