NYUMBA YA JAMAA: Mlinzi wa juu ya plafo



Mwezi huu ninaanza na ungamo. Niliombea kitu fulani bila kukijua vizuri, nikampa mtu tumaini la uongo. Mungu alituhurumia. Someni mpaka mwisho, kusudi kosa langu liwafae ninyi.

Shemasi mmoja wa kanisa letu alipokea mzigo kutoka Liège, pahali mtoto wake wa kwanza anakaa na bibi yake. Ndani ya mzigo mlikuwa nguo, dawa ya presha ya mama, na karatoni ndogo. Katika karatoni tulikuta mashini mbili nyeupe za mviringo, kama sahani ya kikombe, na kisanduku kimoja cha kuunganisha na Wi-Fi. Mtoto aliandika: "Baba, hii inasikia moshi. Uiweke ndani ya nyumba. Huku kwetu ni sheria."

Ni kweli. Kule Ubelgiji, jimbo la Wallonie linadai mashini ya moshi katika nyumba tangu 2006, Flandre katika nyumba zote tangu 2020, na Bruxelles katika nyumba zote tangu 2025. Ufaransa nayo inadai tangu 2015. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Mtu anapolala, pua yake inalala pia. Moshi unamkuta kitandani, naye haamki. Lakini masikio yanaweza kuamshwa. Kwa hiyo mashini inapiga kelele kali, desibeli 85 ukiwa mita 3 mbali nayo.

Shemasi aliniita, nami nikaita kijana wa korali anayejua mambo ya telefone. Hii ndiyo kazi tuliyofanya.

Kwanza tulichomeka kisanduku karibu na mashini ya Wi-Fi. Kijana akatia programu katika telefone ya shemasi, akapiga foto ile alama ya vimraba, na kisanduku kikajulikana. Angalieni: vyombo vingi vya namna hii vinasikia Wi-Fi ya 2,4 GHz tu. Kama telefone yenu iko kwenye ile ya 5 GHz, mtatafuta mpaka jioni bila kupata kintu.

Pili, tulivuta ule ulimi wa plastiki unaozuia batri, tukashika kifungo mpaka taa ikawaka-waka. Programu ikauliza jina la kila mashini. Tukaandika "Koridori" na "Sebule". Jina ni la maana, kwa sababu usiku wa hatari hutaki kuuliza moto uko wapi.

Tatu, tulichagua pahali. Moshi unapanda, basi mashini inakaa juu kwenye plafo, katikati, au angalau sentimita 30 kutoka ukutani. Pahali pa kwanza ni koridori, kati ya jikoni na vyumba vya kulala. Usiiweke ndani ya jikoni, maana kila ukikaanga samaki itapiga kelele, na siku ya tatu baba atatoa batri. Usiiweke karibu na chumba cha kuogea pia. Mvuke unaidanganya.

Nne, kabla ya kufunga visi tulijaribu sinyali. Mawimbi yanapita hewani, lakini ukuta mnene wa matofali unayapunguza, na bati linayazuia. Chumba cha mwisho cha shemasi, kile alichoongeza nyuma kwa mabati, hakikusikia kabisa. Tukasogeza kisanduku, ikawa vizuri.

Tano, tulijaribu yote kwa kifungo cha majaribio. Mashini ya koridori ikalia, ya sebule ikaitika, na telefone ikapata ujumbe. Watoto walikimbia nje wakicheka. Mimi nilikumbuka Nehemia sura ya 4. Wajenzi walikuwa mbali-mbali juu ya ukuta mrefu, na tarumbeta ikilia pahali pamoja, wote wanajua pa kukusanyika. Nikaomba, nikabariki, nikamwambia shemasi: "Sasa mutalala kwa amani." Kumbe, hapo ndipo kosa lilianza.

Kwanza tulipata somo dogo. Jioni ile umeme ulikatika, delestaje kama kawaida. Kijana akasema tujaribu tena. Mashini ya koridori ikalia, kwa maana iko na batri yake. Lakini ya sebule ilinyamaza, na telefone haikupata neno. Wi-Fi ilikuwa imezima, kisanduku pia. Kuna aina nyingine ambazo mashini zinasemezana zenyewe bila kisanduku, lakini hii haikuwa hivyo. Shemasi akaunganisha kisanduku na Wi-Fi kwenye batri yake ya jua, na shida hiyo ikaisha. Basi kama unanunua, uliza: umeme ukikatika, zinaendelea kuitana?

Somo kubwa lilikuja mwezi wa sita. Mnajua baridi yetu ya Katanga mwezi wa sita na wa saba. Usiku mmoja shemasi aliingiza mbabula ndani ya chumba cha watoto. Mama alikataa. Yeye akajibu: "Mlinzi iko juu. Pasta mwenyewe aliombea." Makala yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Wakafunga dirisha, wakalala.

Saa kumi ya usiku mtoto mdogo alilia na kutapika. Mama akaamka, kichwa kinamuuma sana, miguu haina nguvu. Akatambaa mpaka mlangoni, akafungua, akaita. Wakavuta watoto wote nje kwenye baridi. Mkubwa hakuamka upesi. Wakampeleka kwa daktari, naye akapona. Asubuhi shemasi alikuja kwangu, macho mekundu. Akasema: "Pasta, kale kamashini hakakusema kintu!"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kuuliza daktari, nikasoma tena karatasi ya karatoni polepole, mstari kwa mstari. Ilikuwa imeandikwa pale tangu siku ya kwanza: mashini hii inasikia moshi. Hewa ya makala haiisikii.

Fahamuni tofauti. Ndani ya mashini mna chumba kidogo chenye giza na mwangaza mdogo. Moshi ukiingia, vumbi lake linatawanya mwangaza, na jicho la mashini linauona. Ndipo inalia. Lakini makala yaliyokwisha kushika vizuri yanatoa hewa yenye sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Haitawanyi mwangaza. Inaingia katika damu na kushika pahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu kuipita oksijeni mara zaidi ya 200. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kutapika, anaregea. Anayelala anaweza kufa bila kuamka. Watu wanasema "ni uchawi" au "wamelogwa wote usiku mmoja". Wapendwa, mara nyingine ni mbabula tu. Msimshitaki nyanya wa watu.

Kuna mashini nyingine ya kusikia hewa hiyo, nayo inauzwa kwa jina lake. Nyingine zinasikia vyote viwili. Soma karatoni kabla ya kununua. Lakini hata ukiwa nayo, sheria ya nyumba ni moja: mbabula hailali ndani. Tumia blanketi, soksi, maji ya moto ndani ya chupa. Grupu nalo likae nje, mbali na dirisha, maana linatoa hewa ile ile.

Sasa maneno machache ya kutunza mashini ya moshi. Huku kwetu kamio za migodi zinapita siku nzima, na vumbi jekundu linaingia kila pahali. Vumbi na wadudu wadogo wakiingia katika kile chumba cha giza, mashini inalia bure. Ipanguse kwa brosi laini. Shika kifungo cha majaribio kila mwezi. Sisi tumechagua Jumapili ya kwanza, baada ya ibada. Ikitoa sauti fupi "pii" moja-moja, batri inakwisha. Badilisha. Usiifunge kwa kitambaa. Na baada ya miaka 10 nunua nyingine, hata kama bado inalia.

Tena, kelele peke yake haiokoi mtu. Nyumba zetu ziko na vyuma kwenye madirisha na kadena kwenye mlango, kwa sababu ya wezi. Usiku moshi umejaa, ufunguo uko wapi? Katika suruali ya baba? Chini ya mto wa mama? Utundikeni karibu na mlango, pahali dirisha la nje halifikii, na kila mtoto apajue akiwa gizani. Chagueni pahali pa kukutania nje, kwa mfano chini ya mwembe, na mhesabiane. Hakuna kurudi ndani kwa ajili ya televizyo.

Jamaa asiye na pesa ya mashini asiseme neno hili si lake. Kuzima buji kabla ya kulala hakulipwi. Kutoa bidoni ya esanse nje ya nyumba hakulipwi. Kutoa mbabula hakulipwi.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, Mungu aliamuru mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, kusudi mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Mungu hakusema, "Ombeni tu, hakuna atakayeanguka." Alitaka ukuta. Wajenzi wa Nehemia vilevile waliomba, tena wakaweka walinzi. Mimi niliomba vizuri, lakini sikusoma karatasi. Nimemwomba shemasi na mama msamaha mbele ya watoto wao. Mtoto mkubwa ndiye sasa anayeshika kifungo kila Jumapili ya kwanza, na jioni ndiye anayechungulia kama mbabula iko nje.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Usiku wa leo, ufunguo wa kadena uko wapi? Kila mtoto aonyeshe, taa zikiwa zimezimwa.
2. Makala, grupu, esanse na buji: kila kimoja kinalala wapi kwetu?
3. Ni jirani gani, hasa mjane au mzee anayekaa peke yake, anayelala na mbabula? Nani atakwenda kumwambia kwa upole, na kumpelekea blanketi?

Bwana awalinde katika usingizi, naye awape akili mkiwa macho. Amina.