KIINGEREZA CHA MKATABA

Ndugu wafanya kazi wa Matisi,

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, yasema mfanya kazi asiyefahamu lugha ya mkataba wake aelezwe kwa lugha aielewayo. Haki hiyo tuidai. Lakini anayeeleza ni mtu wa mwajiri. Tutajuaje kama hakuruka neno?

Kwa hiyo twataka masomo ya jioni ya Kiingereza kwa watu wazima. Yasianze kwa kukariri sarufi. Yaanze na notisi, ovataimu na makato ya mshahara, yakielezwa kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Neno linalogusa mfuko halisahauliki.

Wanaojua wajitolee kufundisha. Wasiojua wasione haya. Tusome kwanza, ndipo tutie dole gumba.