Chumvi Moja, Wagonjwa Wawili

Ndugu msomaji, ingia pamoja nami katika nyumba mbili za kijiji kimoja. Katika nyumba ya kwanza mtoto anaharisha tangu jana. Nyanya yake anasema, "Msimpe maji, maana maji yatazidisha kuharisha." Katika nyumba ya pili yuko baba mzee. Munganga alimwambia kwamba damu yake imepanda, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita tansio. Lakini leo anakula makayabu, tena anaongeza chumvi juu ya sombe. Vidonge vyake ameviacha, kwa sababu kichwa hakimwumi tena.

Nyumba ya kwanza wanaogopa maji. Nyumba ya pili hawaogopi chumvi. Mimi nasema nyumba zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: wamesahau kipimo.

Mwili wako hausahau. Unapima usiku na mchana. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Katika mishipa mikubwa ya shingo mna sehemu ndogo zinazosikia jinsi damu inavyosukuma. Damu ikilegea, habari inafika katika ubongo mara moja. Moyo unapiga mbio, na mishipa midogo inajibana. Ubongo nao unaonja damu. Chumvi ikizidi maji, unaamsha kiu, na unaagiza figo zisitoe maji mengi. Figo zako mbili huchuja kama lita 180 kila siku, lakini mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu. Mengine yote yanarudishwa katika damu. Ndiyo sababu anayelima milimani Masisi, au kuchimba mawe ya madini kule Walikale, hukojoa kidogo na mkojo wake una rangi nzito. Figo zinaweka akiba, na mwili unaomba maji.

Katika kazi hiyo yote iko sheria moja: mahali chumvi inapokwenda, maji yanaifuata. Wewe mama, unaijua. Ukitia chumvi juu ya kabichi iliyokatwa, baada ya kitambo unaona maji yametoka.

Sasa tumtazame mtoto. Anapoharisha anapoteza maji na chumvi pamoja. Damu yake inapungua. Moyo unakimbia, mikono inakuwa baridi, mkojo unakoma. Mwili unapigana kuweka akiba, nasi tunamnyima kinywaji! Mgonjwa wa kolera aweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Je, akiba gani itatosha? Kuharisha hakukomi kwa sababu umemnyima maji. Mtoto anakauka tu, na huenda akafa.

Lakini maji matupu hayatoshi. Katika matumbo mna milango ambayo sukari na chumvi hupita pamoja, zikishikana mkono, na maji hufuata. Milango hiyo hubaki wazi hata katika kolera. Mwaka 1971 watu wengi walikimbia vita ya Bangladesh wakaingia India, na kolera ikawashika katika kambi. Serumu ya kutia mshipani ilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya maji, sukari na chumvi, akawafundisha jamaa za wagonjwa kuwanywesha. Kwanza walikuwa wakifa karibu 30 katika 100. Kati ya wale walionyweshwa hawakufika 4. Sisi nasi tunakumbuka Goma, Julai 1994. Wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda walifika kwa siku chache. Maji safi hayakutosha, wala watu wa kunywesha wagonjwa. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi kwa kolera na kwa kuharisha damu.

Basi, shika kipimo hiki: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, bila mlima juu. Ukipata pakiti ya SRO katika kituo cha afya, hiyo ni bora. Itie katika lita moja ya maji safi, wala usiongeze kitu. Mpe mtoto kidogo kidogo, kila mara baada ya kuharisha. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Usimwachishe ziwa. Macho yakiingia ndani, au akishindwa kunywa, au akilegea, au ukiona damu katika choo, usingoje asubuhi. Mpeleke, ukimnywesha njiani kama anaweza kumeza.

Turudi kwa baba mzee. Kwake chumvi imezidi, na maji yameifuata katika damu. Figo zenye nguvu hutoa ziada hiyo. Lakini kwa wengi, kwa sababu ya ukoo, umri, unene, au figo zilizochoka, ziada haitoki mpaka damu isukume kwa nguvu kupita kiasi. Mwisho mwili unazoea kipimo kibaya, na kukilinda kana kwamba ni kizuri. Ndiyo maana baba hasikii kitu. Usiulize kichwa chako kama damu imepanda; uliza mashine ya munganga. Ikionyesha mara kwa mara 14 juu ya 9, yaani 140 na 90, ni ugonjwa, hata kama unalima na kuimba. Ukiuacha, waweza kupasua mshipa wa ubongo, kuchosha moyo, au kuharibu figo.

Wengine watasema, "Wazee wetu walikula chumvi, wakaishi." Ndiyo, lakini walikula ngapi? Chumvi ya Katwe, kule Uganda, ilikuja kwa safari ndefu na bei kubwa. Watu wa msitu walichoma majani na kuchuja majivu yake. Chumvi ilikuwa haba, na figo zetu ni hodari wa kuitunza. Leo imejaa sokoni, katika makayabu na katika vidonge vya kutia ladha ya mchuzi. Figo hazikuzoea kukataa kila siku.

Sisemi uiache kabisa. Chumvi yenye iodi inatuzuilia rovu. Mtu mzima asipite kijiko kidogo kimoja kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo katika samaki na mchuzi. Makayabu yalowekwe, na maji yake yamwagwe. Vidonge vya tansio si kama dawa ya minyoo, inayomaliza kazi na kuachwa. Vinashika kipimo leo, na kesho vinahitajika tena. Usiviache bila neno la munganga. Nawe mwenye tansio ukishikwa na kuharisha, usikatae maji ya sukari na chumvi, maana unarudisha kilichopotea. Ila mwone munganga upesi, huenda akabadili vidonge kwa siku hizo.

Kijiko kimoja kidogo kimo katika nyumba yako. Nusu yake katika lita ya maji inamwokoa mtoto. Kizima kwa siku ni mpaka wa baba yake. Mwonyeshe nyanya, mwonyeshe na jirani, leo jioni, kabla ugonjwa haujabisha hodi.