Kamanda, Ushahidi wa Hiyo "Mashine" Uko Wapi?

Kila msimu wa daftari unakuja na stori yake. Tume ilipozindua uboreshaji wa Daftari la Kudumu kule Kigoma Julai 2024, magrupu yetu ya Kanda ya Ziwa yalijaa ujumbe mmoja wenye sura tofauti: eti ndani ya mashine ya BVR kuna programu ya siri, ukishaweka kidole tu, kura yako ya 2025 imeshahesabiwa upande wa pili. Ukiuliza nani kasema, unajibiwa "kuna jamaa yuko ndani, ni mtu wa IT." Ukiuliza mara ya pili, unaitwa chawa.

Makamanda, hapa tuambizane ukweli. Anayeuliza ushahidi si chawa. Anafanya kazi ambayo chama chochote kinachotaka kushika dola kinapaswa kuifanya.

Nenda Mwaloni pale Kirumba. Mteja akisema "mizani yako inaiba," hawezi kuishia kupiga kelele. Anakuja na jiwe la kilo linalojulikana, linawekwa juu ya mizani, watu wote wanaona. Lakini upande wa pili nao upo. Mwenye mizani akikataa jiwe lisiwekwe, akaifunika mizani na turubai, basi mzigo unamhamia yeye. Aeleze anaficha nini.

Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, inakwenda hivyo hivyo. Anayedai jambo ndiye wa kulithibitisha. Ila katika kesi za madai, jambo likiwa liko kwenye ufahamu wa mtu mmoja hasa, huyo ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha. Tushike vyote viwili. Wenzetu wengi wanashika kimoja tu, kile kinachowafaa siku hiyo.

Sasa turudi kwenye BVR. Mashine ile, iliyoanza kutumika kwenye uandikishaji wa uchaguzi wa 2015, inachukua alama za vidole, picha na saini. Haipigi kura na haihesabu kura. Siku ya uchaguzi jina lako linatafutwa kwenye daftari lililochapishwa, unapewa karatasi, unatumbukiza kwenye sanduku, na karatasi zinahesabiwa kwa mikono kituoni mbele ya mawakala. Matokeo ya urais yanajazwa kwenye Fomu 21A, ya ubunge 21B, ya udiwani 21C. Mwaka 2010 upinzani ulichukua Nyamagana na Ilemela kwa karatasi, sanduku na fomu.

Kwa hiyo anayesema kidole chako kinahesabu kura, atuonyeshe kinapita njia gani kutoka kwenye mashine hadi kwenye sanduku. Asipoweza, hana hoja, hata kama ana shahada tatu za kompyuta.

Tusidanganyane pia kuhusu gharama ya stori hizi. Kijana wa Buhongwa akiamini kwamba mashine imeshamaliza kazi, hapangi foleni kujiandikisha. Hajitolei kuwa wakala. Hapo aliyetaka kuiba hahitaji mashine yoyote. Malalamiko yetu makubwa ya 2020 yalikuwa wagombea kuenguliwa na mawakala kuzuiwa vituoni. Mambo hayo yana majina, vituo, tarehe na barua. Yanathibitishika. Tukiyachanganya na hadithi ya programu ya siri, tunawapa wapinzani wetu nafasi ya kuyacheka yote kwa pamoja.

Jirani zetu Kenya wametupa somo mara mbili. Mwaka 2017 upinzani ulidai kwamba mfumo wa kupeleka matokeo una walakini. Mahakama ya Juu ikaamuru Tume ya uchaguzi, IEBC, ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikutekeleza amri ile ipasavyo. Tarehe 1 Septemba majaji wengi, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, walifuta uchaguzi wa rais, na kufichwa kwa seva kulikuwa sehemu ya sababu. Mwenye mizani alikataa jiwe, akabeba mzigo.

Mwaka 2022 yakaja madai mengine ya udukuzi, yakiwa na viapo na kumbukumbu za kompyuta. Safari hii ukaguzi ulifanyika. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba walitupilia mbali kesi, na wakasema baadhi ya kumbukumbu zile zilikuwa za uchaguzi wa 2017 au za kughushi kabisa. Tena IEBC ilikuwa imeweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, mwenye simu na kikokotoo ajumlishe mwenyewe. Mahakama ile ile ilitoa majibu mawili. Kilichobadilika ni ushahidi.

Najua mtasema: Kenya wana mahakama, sisi Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya rais yakishatangazwa. Ni kweli. Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha hapa hapa nchini, ilishasema Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwa na ushahidi mzito zaidi, maana jaji wetu kwa sasa ni wananchi. Ukimdanganya jaji mara moja, kesi ya pili hakusikilizi.

Na utaalamu je? Tarehe 3 Mei 2020, pale Chato, Rais Magufuli, daktari wa falsafa wa kemia, alilitangazia taifa kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara na nyingine zikaonyesha zina korona. Takwimu za taifa ziliganda kwenye wagonjwa 509, vifo 21. Sisi tulidai nini? Tulidai sampuli, njia ya upimaji, maabara nyingine irudie, takwimu zitolewe. Tulikuwa sahihi. PhD haikumwondolea Rais mzigo wa kuonyesha. Basi "jamaa wa IT" asiye na jina ataondolewaje?

Mtaalamu wa kweli anakupa njia ya kumkagua. Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilipozimwa, OONI walipima kwenye laini za hapa nchini na kuweka vipimo hadharani, yeyote avisome. Twitter nao wakasema wanaona wanazuiwa. Hiyo ilikuwa teknolojia ya gizani, na ilianikwa kwa vipimo.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza "tuma kwa wote," uliza matatu. Nani anasema, kwa jina? Ameona nini kwa macho yake? Mtu mwingine anaweza kukagua vipi? Yakikosa majibu, usitume.

Halafu tuielekeze nguvu kwa mwenye mizani. Tume iruhusu wataalamu wa vyama wakague mfumo wa kujumlishia matokeo, maana huko ndiko kompyuta inakoingia kweli. Iweke matokeo ya kila kituo mtandaoni. Kila wakala apewe nakala ya fomu. Ikikataa, tutakuwa na haki ya kuuliza turubai linafunika nini.

Sisi nasi tujipange kuanzia Igoma hadi Ukerewe. Kajiandikishe, hakiki jina lako, jiandikishe uwakala kwenye tawi lako, jifunze kusoma Fomu 21A kabla hujaishika. Siku ile picha ya fomu yenye saini itatusaidia kuliko voice note elfu moja za jamaa aliye ndani.